Ndege ya rimoti inaruka vibaya? Vile utatafuta shida mpaka uipate

Kuna ndege inaanguka na kila mtu uwanjani anajua sababu, betri imeisha ama umeingia kwa mti, hiyo haina maneno mengi. Hapa naongelea ile ingine inayopaa vizuri halafu inaanza vituko. Ukiongeza moto (nguvu ya mota) inainua pua yenyewe, ukikata kona ya kutua bawa moja linadondoka, ama jana ilikuwa sawa na leo inavuta kushoto na hakuna kitu umegusa. Wengi wetu huku, kuanzia Nakuru mpaka Kisumu na Kakamega, tukiona hivyo tunakimbilia trimu kwa rimoti (vile vibonyezo vya kusahihisha ndege inyooke stiki ikiwa katikati), tunabonyeza bonyeza mpaka ndege inyooke, na wikendi ijayo shida iko palepale tena imeleta na ndugu yake.

Kabla hujashika bisibisi jiulize swali moja: inafanya hivyo LINI? Ukiwa na moto mwingi ama mota ikiwa imezima? Ikienda mbio ama ikienda polepole? Dakika ya kwanza ama betri ikikaribia kuisha? Baada ya kupiga lupu (duara la juu chini hewani)? Kila shida iko na saa yake, na ukishajua saa umebakiza sehemu mbili tatu tu za kuangalia. Mimi huwa namwambia mtu ashike simu arekodi na wewe unayerusha useme kwa sauti kile mikono inafanya, "nimekata moto", "navuta juu", "nimeachilia stiki", maanake ukishatua hutakumbuka, utabaki kusema tu ilifanya hivi ghafla, na hiyo ghafla haisaidii mtu.

Sheria ya pili, badilisha kitu kimoja halafu urushe. Ukisogeza betri, ukaongeza washa (kile kipete chembamba cha skrubu) kwa mota na ukapunguza reti (kiasi stiki inasogeza vitu) zote mara moja, ndege ikipona hutajua ni nini iliponya na ikizidi hutajua ni nini ilizidisha.

Kwanza hewa ya huku

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Eldoret kama 2,100, Kisumu pale ziwani kama 1,130. Hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 17, ya Kisumu karibu asilimia 10, na hiyo ni kabla jua la saa saba halijaipasha ikawa nyepesi zaidi. Maana yake kwa mrushaji ni kwamba bawa lilelile lenye uzito uleule linataka mwendo mkubwa zaidi ndio libebe, kwa Nakuru kama asilimia 10 zaidi, na siku ya joto kali inapita hapo.

Sasa mtu anatazama video ya jamaa anayerusha karibu na bahari, anaona ndege inakuja kutua taratibu kabisa, anajaribu hivyo hivyo kule Njoro na kwenye kona ya mwisho bawa la ndani linadondoka, chali. Anasema bawa limepinda. Halijapinda, ilikuwa inaenda polepole kuliko hewa ya pale inavyoruhusu, bawa likaacha kubeba, ndio hiyo wanaita kustoli. Kwa hivyo kama shida yako ni ya kudondoka ukitua, kabla ya kufungua kitu chochote rudi hewani, acha moto kidogo mpaka karibu na nyasi, kata kona ya mwisho pana, na uone kama mchezo ule unarudi. Ndege nyingi zinazoletwa zikisemwa ni mbovu zinaponea hapa.

Hewa hiyohiyo inagusa propela. Namba zilizoandikwa kwa boksi la mota mara nyingi zimepimwa sehemu za chini, hapa propela inashika hewa kidogo na mota inavuta ampia chache, ndege inaonekana mvivu. Unaweza kuongeza inchi moja ya urefu wa propela, lakini pima na watimita (kipimo cha umeme) kwanza, na siku ukisafiri nayo Mombasa rudisha ile ndogo la sivyo ESC (kile kifaa kinachoendesha mota) inapikika. Wale wa injini za mafuta, kaza sindano kidogo, hewa nyepesi na mafuta yaleyale inakuwa mchanganyiko mzito, injini inakohoa ukifungua.

Mezani, propela ikiwa imetolewa

Hiyo ya kutoa propela sio mapambo. Mota ikishtuka ukiwa umeinama juu yake vidole vinaenda.

Anza na CG, yaani pale ndege inabalansi. Kwa bawa la kawaida lililonyooka na mkia nyuma, iweke kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa la upana wa sentimita 20 basi ni sentimita 5 mpaka 6. Pima ikiwa tayari kuruka, betri ndani, kifuniko juu, matairi yamefungwa, usipime ikiwa uchi. Zile za bawa tupu zisizo na mkia zinataka mbele zaidi, kama asilimia 15 mpaka 20 ya upana wa wastani. Ikiwa nzito nyuma utaijua: eleveta (kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) inakuwa kali kupita kiasi, ukigusa inaruka, ukipunguza mwendo haitaki kutulia na ikistoli inazunguka. Ikiwa nzito mbele inaruka tu lakini ni mzigo, inataka eleveta nyingi kuinua pua ukitua na inakuja kwa mbio. Ukilazimika kuchagua chagua nzito mbele, itakuudhi lakini itarudi nyumbani.

Hapa kwetu uzito wa nyuma mara nyingi unatoka kwa spoki. Tunatumia spoki ya baiskeli kama waya wa kuvuta eleveta, ni ya chuma, inapatikana kila mahali, na fundi wa baiskeli atakukatia kwa bei ya chai, lakini ukiweka mbili ndefu mpaka mkiani na gundi ya glugani ya kumwaga umeshaongeza gramu mahali pabaya kabisa. Mkia uko mbali na CG, pua iko karibu, kwa hivyo gramu 10 za mkiani zinaweza kudai gramu 20 au 30 za risasi mbele. Punguza nyuma kwanza kabla ya kuongeza mbele.

Halafu balansi ya upande. Ning'iniza ndege na uzi, mmoja kwa shafti ya mota na mwingine kwa mkia, uone bawa gani linashuka. Bandika sarafu kwa ncha ya lile jepesi mpaka zilingane. Watu wanaiacha hii, na baadaye utaona vile inaleta fujo.

Kupinda kwa bawa ni stori ndefu kidogo huku kwetu kwa sababu ya vile tunasafiri. Bawa limefungwa juu ya matatu kutoka Kisumu, limekaliwa na gunia la mtu, ama ndege imeachwa ndani ya gari lililofungwa madirisha saa sita mchana, na fomu (ile povu gumu la bawa) ikipata joto inalegea na kupoa ikiwa imejikunja. Kwa macho hutaona. Laza bawa kwenye meza iliyonyooka, weka rula ndefu kutoka ukingo wa mbele mpaka wa nyuma karibu na mzizi wa bawa, weka simu juu ya rula na ufungue ile programu ya kupima pembe, andika namba. Sogea kwenye ncha, andika. Fanya upande wa pili. Ncha ikiwa imeinamisha ukingo wa mbele chini kwa digrii moja mbili kuliko mzizi, na pande zote ziko sawa, hiyo ni nzuri, inasaidia ncha isistoli kwanza. Ncha moja ikiwa imeinua ukingo wa mbele kuliko nyingine umempata mwizi, hiyo ncha ndiyo itakuwa inadondoka kila siku ukienda polepole. Kuinyoosha, ipashe na mvuke wa sufuria ama mashine ya kukausha nywele, ikunje kupita kidogo upande wa pili, ishikilie hivyo mpaka ipoe kabisa. Fomubodi yenye karatasi usiipeleke kwa mvuke, karatasi itabanduka, hiyo tumia hewa ya moto pole pole.

Chukua uzi mmoja usionyumbuka, upime kutoka katikati ya mkia mpaka ncha ya bawa la kulia na la kushoto. Zisipolingana bawa limekaa mshazari. Kama bawa linashikwa na rababendi, zivute uone, zile zilizokaa na jua zina nyufa ndogo ndogo na zinaachilia bawa liinuke mbele ukivuta lupu, na unaweza kuhangaika mwezi mzima ukidhani ni eleveta.

Sasa sevo (vimota vidogo vinavyovuta eleveta na vibao vingine) na nyaya, na hapa nataka ufanye kitu kwa mkono wako. Washa rimoti kwanza halafu ndege. Shika ukingo wa nyuma wa eleveta kwa vidole viwili, taratibu tu, na mwenzako avute stiki nyuma. Usiangalie eleveta, angalia waya katikati ya bodi. Ukiona waya unajipinda kama upinde huku eleveta imebaki mkononi mwako umeelewa kwa nini ndege ilikataa kutoka kwa daivu (kupiga mbizi) ile siku: hewa ya mwendo mkali ilikuwa inafanya kazi ya vidole vyako. Mtu anavuta, sevo inavuta, waya unajikunja, na ndege inaenda tu. Shikilia waya na vipande vya mrija wa soda vilivyobandikwa kila baada ya sentimita 10 hivi, inakaa sawa. Ukiwa hapohapo tikisa eleveta na kidole stiki ikiwa katikati, ikicheza zaidi ya milimita moja au mbili tafuta ulegevu uko wapi, ni tundu la pembe (kile kipembe cha eleveta kinachoshikwa na waya) limepanuka, ni waya mwembamba kwa tundu kubwa, ama ni gundi imeachia. Pembe zilizobandikwa na glugani zichunguze ndege ikiwa imekaa kwenye jua, maanake ile gundi inakuwa laini, asubuhi ilikuwa jiwe na saa nane inatembea.

Kama eleveta yako ni vipande viwili vilivyounganishwa na kijiti cha mshikaki, shika kipande kimoja na usukume kingine. Kikijipinda peke yake ndio maana ndege inajibingirisha kidogo kila ukivuta.

Jaribu kurudi katikati: sukuma stiki mpaka mwisho uachilie polepole, weka alama ya kalamu pale ukingo umesimama. Vuta upande wa pili uachilie, weka alama. Alama zikiwa mbali, sevo haijui katikati yake, gia zimechakaa ama waya unakwaruza mahali, na ndege ya hivyo haiwezi kutrimiwa milele. Utatrimu baada ya kona ya kulia, ukatoka kona ya kushoto imeharibika.

Mwisho chomoa betri, shika shafti ya mota na uitikise juu chini, kushoto kulia. Ndege ambayo iliwahi kupiga chini, kile kibao cha mota mara nyingi kina ufa uliofichwa na rangi. Kikitembea hata kidogo, kila ukifungua moto mota inaangalia mahali pengine.

Redio na umeme

Hakikisha rimoti iko kwa memori ya ndege hii na sio ile nyingine. Stiki kulia, ailroni (kibao cha nyuma ya bawa kinachoinamisha ndege) ya kulia inapanda. Stiki nyuma, eleveta inapanda. Simama nyuma ya ndege ukifanya hivi, ukisimama mbele akili inageuka.

Antena za risiva (ile inayopokea mawimbi ya rimoti ndani ya ndege) za 2.4 GHz zina ile sehemu ya mwisho isiyofunikwa, kama milimita 31, hiyo ndiyo antena yenyewe. Antena mbili ziwe zimepishana digrii 90, zisipite karibu na betri wala fimbo ya kaboni, na usizikunje. Fanya jaribio la masafa kwa ile modi ya nguvu kidogo ya rimoti, kama hatua 30, kwanza mota imezima halafu inazunguka (hapa propela inarudishwa, kwa hivyo mtu ashike ndege kwa nguvu akiwa nyuma yake). Sevo zikianza kutetemeka mota ikizunguka, shida iko kwa kelele za ESC ama waya zimelala pamoja.

Na ile BEC ya ndani ya ESC, ile inayolisha sevo, inasahaulika sana. Zile rahisi zinatoa volti 5 na ampia chache, umeongeza sevo mbili za chuma za kidijitali, ukikata kona kali zote zinavuta pamoja, volti inaporomoka, risiva inajizima na kujiwasha tena na wewe kwa sekunde chache umeshika rimoti ya kupamba mikono. Kuijaribu, propela nje, changanya stiki zote kwa nguvu huku mwenzako anabana eleveta kidogo na vidole, na wewe uangalie taa ya risiva tu. Ikipepesa, weka BEC ya kujitegemea. Kapasita kubwa ya mikrofaradi 2,200 na zaidi kwenye nafasi tupu ya risiva inasaidia ile mishtuko mifupi, lakini haiokoi BEC iliyozidiwa.

Hewani, kwa mpangilio

Nenda asubuhi upepo ukiwa umelala. Panda juu vya kutosha, ukiwa chini ya urefu wa miti hujaribu kitu, unacheza kamari. Trimu inyooke kwa nusu moto, halafu fuata hivi.

Kata moto wote, usiguse stiki nyingine. Pua ishuke kidogo na ndege iteleze. Sasa ongeza moto wote mara moja na uangalie kwa makini, maana hapa ndipo watu wanadanganyika. Pua ikiinuka PALEPALE moto unapoingia, mota inaangalia juu kupita kiasi, weka washa nyuma ya skrubu za juu ili iiname. Pua ikikaa kwanza, ndege ikashika mwendo, halafu ndio ikaanza kupanda, mota haina makosa, hiyo ni pembe kati ya bawa na mkia ama CG iko mbele sana na umeifidia na trimu ya juu, kwa hivyo mwendo ukiongezeka ile trimu inazidi nguvu. Mtu akikosa kutofautisha hizi mbili ataweka washa mpaka mota iangalie matairi. Washa ya milimita moja kwenye kibao chenye skrubu zilizoachana milimita 25 inakupa kama digrii 2, hiyo inatosha kuanza nayo.

Ikivuta kushoto moto ukiingia, hiyo ni ya kawaida kwa propela inayozunguka kulia ukiwa umesimama nyuma, mwili unajibu upande wa pili na ule upepo wa propela unajizungusha ukapiga mkia. Geuza mota kulia digrii 2 au 3, washa zikae nyuma ya skrubu za kushoto. Usiitibu na trimu ya usukani wa mkia, ukikata moto itavuta kulia.

Sasa mwendo. Ndege ikiwa imenyooka kwa nusu moto, ipunguze mpaka karibu na kustoli uone inainamia wapi, halafu ipeleke mbio. Kama polepole inainamia kushoto na kwa mbio inajibingirisha kulia, umesumbuliwa na uzito wa upande, bawa la kushoto ni zito na umelishikilia na trimu ya ailroni. Trimu inapata nguvu mwendo ukiongezeka lakini uzito haubadiliki, ndio maana zinapishana. Rudi kwa ile sarafu. Kupinda kwa bawa hakufanyi hivyo, bawa lililopinda kidogo na trimu vinakua pamoja na mwendo, ndege inabaki imenyooka mpaka pale karibu na kustoli ndio ncha mbaya inaachia. Kijana mmoja wa Kondele aliniletea moja kama hiyo, "mkubwa, hii ndege iko na wazimu, kulia kushoto haijui", na kumbe sevo ya kushoto ilikuwa imebadilishwa ikawekwa kubwa zaidi ya ile ya kulia, basi.

Stoli yenyewe: juu kabisa, kata moto, vuta polepole mpaka iache kubeba. Ikishusha pua moja kwa moja iko sawa. Ikidondosha bawa lilelile kila mara, ni kupinda ama uzito wa upande. Ikidondosha leo kulia kesho kushoto na kuanza kuzunguka, CG iko nyuma ama umevuta eleveta kwa fujo, punguza reti.

Daivu: moto ukiwa umekatwa, isukume kama digrii 45 na uachilie stiki. Ikijiinua yenyewe kwa nguvu, nzito mbele. Ikizidi kujikunja chini, nzito nyuma, na usingoje kuona mwisho wake. Ikiendelea ama ikijiinua polepole, acha hivyo. Hii ya kujikunja inaweza pia kutoka kwa ule waya unaopindika, kwa hivyo kama uliliacha lile jaribio la vidole rudi ulifanye.

Mawimbi ya pua: kupanda na kushuka kwa mawimbi marefu ya taratibu mara nyingi ni CG mbele na trimu nyingi, ama ni ndege tu inatafuta mwendo wake. Kurukaruka haraka kwa pua ni CG nyuma ama ulegevu kwa eleveta.

Ukitoa ailroni kulia na pua ikaanza kwenda kushoto kabla ya kona kushika, zile za bawa juu lililonyooka chini zinapenda sana, ni kwa sababu ile ailroni inayoshuka inaburuta zaidi. Fanya ailroni ishuke nusu tu ya vile inapanda. Ukiwa na sevo mbili ni mambo ya rimoti, ukiwa na moja sogeza matundu ya mkono wa sevo. Na jifunze kutumia usukani wa mkia, wengi wameuacha ukikusanya vumbi.

Zile za kuja na kwenda

Hizi ndizo zinazokosesha watu usingizi. Iko sawa mpaka upige lupu, halafu inakuwa ndege nyingine: fungua kifuniko, betri imeteleza nyuma. Velkro pekee na vumbi la Nakuru haviendani, vumbi likishaingia haishiki, ongeza mkanda.

Mlio mkali wa brrrr ukienda mbio na ndege inatikisika ni ailroni ama eleveta inapigapiga. Kata moto MARA HIYO na uinue pua kidogo, usisubiri, inaweza kung'oa ailroni kwa muda mfupi sana. Ukitua usirushe tena hata kama inaonekana nzima mpaka uangalie gia za sevo jino kwa jino, uziondoe ulegevu wote, na ufunge ile nafasi ya hinji na selotepu. Lakini kama uko na jairo (kifaa kinachonyoosha ndege chenyewe), mtikisiko wa mara kwa mara wa upande mmoja unaongezeka na mwendo unaweza kuwa jairo imewekwa kali. Izime kwa swichi ukiwa juu, ukiona imetulia punguza nguvu yake. Risiva yenye jairo ikibandikwa na sponji lililolegea inaona mitetemo ya propela kama ndege inageuka, kwa hivyo balansi propela kabla ya kulaumu jairo. Na kabla ya kupaa inua ndege mkononi, inamishe kulia, ailroni ya kulia lazima ishuke ili kuirudisha. Ikipanda, jairo imegeuzwa na ukipaa haurudi na kitu.

Mota inayopumua, inakata inarudi dakika za mwisho huku pua ikishuka, ni betri. Seli ya lipo imejaa kwa volti 4.2, na ikishuka karibu 3.5 ukiwa na mzigo tua. Iliyofura usiichaji.

Upepo wa mahali

Kisumu asubuhi ni tulivu, mchana upepo unatoka ziwani kuingia nchi kavu na jioni mara nyingi mawingu ya mvua yanafuata, ukirusha saa tisa usishangae ndege inapigwa. Nakuru mchana ardhi kavu inapika hewa inapanda, na vile vimbunga vidogo vya vumbi unavyoviona vinatembea shambani, ndani yake hakuna trimu itakusaidia. Nyuma ya mstari wa blugamu upepo unajipindua, na hiyo kudondoka kwa mita chache kabla ya kutua kila mara mahali palepale ni miti, sogeza njia yako ya kutua. Halafu kuna ile ya kugeuka kufuata upepo: ndege inaonekana inakimbia kwa sababu unaitazama ukiwa chini, unavuta stiki kuipunguza, kumbe hewani iko taratibu, inastoli. Angalia vile imeinamisha pua, usiangalie inavyopita miti.

Mwewe wakianza kuizunguka tua tu. Na uwanja wa ndege wa Kisumu, kambi ya jeshi ya Lanet kule Nakuru, pamoja na mbuga ya Ziwa Nakuru kaa navyo mbali, KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Kenya) wana kanuni za 2020 kuhusu vyombo visivyo na rubani, soma kabla hujachagua shamba. Tena ukiwa Ahero hesabu kabisa unatua wapi mota ikizima, mpunga unaonekana nyasi kutoka juu na risiva iliyonyweshwa maji ya mpunga inataka ifunguliwe, ioshwe na maji safi, ikaushwe siku kadhaa kabla ya kuiamini.

Ukishapitia yote na bado inasumbua, tafuta mwenzako mwenye ndege ya aina hiyohiyo mbadilishane mabawa kwa mruko mmoja. Shida ikihamia kwake, ni bawa lako, rudi kwa rula na simu. Ikibaki kwako, iko kwa bodi, na hapo anza na mkia: hinji, waya wa eleveta, halafu kibao cha mota.